Ncha Zikae Sawa

Kayes, Jumapili

Baba Assa,

Sisi wazima, mtama umeota. Chekechea yangu inanipa raha. Nawafundisha watoto kulinganisha vitu: kwanza ncha zikae sawa, ndipo useme kipi kirefu. Nikiviweka vijiti ovyo, wananizomea, "Mwalimu, unatudanganya!"

Vitenge ulivyotutumia kutoka Abidjan vimefika, changu na cha mke mwenzangu Kumba. Uliandika kwamba vinalingana. Assa wetu akavitandaza mkekani, akasawazisha ncha, akapaza sauti, "Mama, chako kifupi!"

Kumba akainamisha uso. Mimi nilimpigia mtoto makofi mbele ya mama yako, maana jibu lilikuwa sahihi.

Ukija sikukuu ya Tabaski, niletee kipande kilichobaki. Uje na matofali pia: leo Assa ameanza kulinganisha vyumba vyetu.

Mkeo wa kwanza,
Sira