Kifuniko cha Lenzi Kimebaki Chwele

Mjomba,

Nakusalimia kutoka Bungoma, shingo ikiniuma. Kamera yako ni nzito kama debe la maji, lakini inaona mpaka vumbi kwenye kope. Leo sokoni Chwele nilimpiga picha mama muuza maharagwe. Alipojiona kwenye kioo cha nyuma alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa toa picha yangu."

Nikamweleza kwamba hii haitoi karatasi, lazima niende studio Kitale.

"Wapiga picha wote husema hivyo," akajibu, akakichukua kifuniko cha lenzi, akakifunga kwenye pindo la leso yake. Kisha akanipimia gorogoro nzima ya maharagwe, bure.

Msalimie Anti. Asante kwa kuniamini na kamera. Yule mama wa maharagwe ataniamini nikirudi na picha yake.

Mpwa wako,
Nafula