Kiwanja cha Mama Kimepakwa Kijani

Kaka mtaalamu,

Salamu zako nimezipata. Masomo ya cheti cha mipango miji na mikoa uliyonihimiza yanaendelea. Mwalimu wetu hupanga mitaa ambayo hajawahi kuikanyaga. Jana alibandika ukutani mchoro wa mtaa wetu, eti tuusifie. Kiwanja cha mama kimepakwa kijani: bustani ya umma. Pembeni kuna sahihi ya mchoraji, nayo ni yako. Mkataa kwao mtumwa. Wewe kwenu umepaka rangi tu.

Nilisimama nikaisifu mistari yako, maana imenyooka kweli. Mwalimu akauliza wakazi watahamia wapi. Nikajibu kwamba mtaalamu huyu hakuona wakazi.

Mama hajambo. Ameezeka upya chumba chako, ukija usinyeshewe. Sijamwambia kitu. Njoo umwambie mwenyewe, ukiwa umekaa bustanini.

Mdogo wako.