Sifuri ya Mwanaisha

Jumamosi, Buxton, Mombasa. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na sijasema na mtu ana kwa ana tangu Alhamisi, ukimtoa muuza maji.

Leo naandika kosa langu.

Nafundisha ualimu wa chekechea kwa mtandao, wanafunzi ishirini na sita. Sheria ya mtihani niliitunga mwenyewe na nikajiona mwalimu kweli kweli: kamera iwe wazi mwanzo hadi mwisho, asiyefungua apate sifuri. Jumatatu Mwanaisha, wa Mji wa Kale, alifanya mtihani kamera imefungwa. Nikampa sifuri. Akaniandikia, "Sawa, mwalimu," basi.

Asubuhi hii kaka yake amenipigia simu. Baada ya salamu ndefu akanieleza taratibu kwamba mume wa Mwanaisha alifariki mwezi uliopita, naye Mwanaisha amekaa eda. Miezi minne na siku kumi haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani jamaa asiyeweza kumwoa, na mimi ni mmoja wa hao asiopaswa kuonekana nao. Kuniambia mwenyewe aliona haya.

Mimi ni mtu wa bara, lakini miaka kumi na moja niko Mombasa. Eda naijua. Nilipofundisha darasani kule Tononoka, mwanafunzi akifiwa habari ilinifikia kabla ya kengele ya kwanza, na jioni tulikuwa matangani. Muhula huu Mwanaisha amenyamaza wiki nne nzima, nami nikawa naweka alama ya mahudhurio tu.

Nilimwomba kaka yake anipe nizungumze naye. Nikampa pole, nikamwambia nitamwekea alama za kupita.

"Sitaki alama za huruma, mwalimu," akasema. "Niulize."

Nikamuuliza mtihani wote kwa simu, kaka yake ameketi kando. Mtoto asiyesema darasani utampimaje?

"Nitakwenda nikae naye kwanza. Kumpima baadaye."

Amefaulu, tena kuliko wengi waliofungua kamera. Sifuri nimeifuta, na ile sheria nimeiondoa.

Tulipoagana niliangalia simu: dakika hamsini. Mwezi mzima sijazungumza na mtu muda mrefu hivyo, na naona aibu jinsi nilivyofurahi.

Sasa najiuliza. Ningefiwa mimi, kati ya hao ishirini na sita, nani angejua?