Bangi Iliyochanua Mwezi wa Nane

Koekelberg, Jumamosi 24 agosti 1996

Katika Ubelgiji nzima hakuna muntu anayejua bangi kunishinda mimi, na leo hata bibi yangu wa ndoa, Maman Odette, amekubali.

Miaka mitatu mbegu za kwetu Katanga zimeniaibisha. Zinarefuka kama nguzo za umeme, zinangoja mwezi wa kumi ndipo zitoe maua, halafu mvua ya Bruxelles inaozesha yote. Maman Odette alinipa neno la mwisho: "Ikioza tena, Papa, ile bustani ninapanda lengalenga, mboga ya kuliwa."

Donc mwaka jana nikazioanisha na mimea mifupi ya jirani yetu Mholandi, ile inayochanua mapema lakini haina nguvu. Asubuhi hii nimekuta watoto wa mimea hiyo wamejaa maua, na agosti haijaisha. Harufu ni ya kwetu kabisa. Nikakaa juu ya ndoo nikamshukuru Mungu, ingawa sijui Yeye anaionaje kazi hii.

Maman Odette akaniletea chai, akatazama maua, akanitazama mimi.

"Bon. Lengalenga zitangoja."

Maneno hayo nimeyapokea kama mshahara.

Jirani naye akauliza nilifanyaje. Nikamwambia nilichagua dume moja kati ya mia, kwa jicho tu.

Ukweli, mwaka jana nilikuwa ninang'oa madume yote, yasijaze maua mbegu. Hilo fupi la jirani lilibaki kwa sababu nilidhani ni jike. Siku ile Maman Odette alikuwa ameenda misa na miwani yake, ile ninayoiazima bila kumwambia.