Karavani ya Kaka Kibwana

Bigwa, Morogoro
2 Juni 2023

Wifi yangu Christina,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya mlima. Sisi hatujambo. Mume wangu Twalibu anakusalimu, kikohozi chake cha masika kimekwisha na pikapu yake imerudi barabarani, anabeba kabichi za Mgeta kama kawaida. Wewe je, na baridi ya Njombe? Mama anaendeleaje na miguu? Mpe shikamoo yangu, umwambie maharage aliyotuma yaliiva upesi na hatukubakisha hata punje.

Nakuandikia barua maana simu zetu unazijua. Nikisema "haloo" tu unalia, nami nalia, tunakata hatujasema neno.

Neno lenyewe ni hili. Masika haya yametunyeshea kwelikweli, na karavani ya kaka Kibwana, kile chumba chake cha magurudumu, haiko sawa. Ipo palepale nyuma ya jiko langu ulipoiacha baada ya msiba. Sijaigusa. Yale makaratasi ya gundi uliyobandika kwenye matundu ya hewa na kingo za madirisha siku unaondoka, yote yapo. Lakini nikipita mlangoni nasikia uvundo, kama wa nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Vioo vinatoka jasho kwa ndani. Nadhani ni ukungu.

Ufunguo ninao, ila ruhusa sina. Niruhusu nifungue, niingize hewa, nione kuna nini.

Wifi yako,
Mwanaasha


Njombe
19 Juni 2023

Wifi Mwanaasha,

Salamu zako zimefika, na mama amezipokea kwa vigelegele. Miguu inamsumbua asubuhi tu, jua likitoka anatembea hadi shambani. Mimi ni mzima. Shule imefungwa, nasahihisha mitihani karibu na jiko la mkaa, vidole vimekufa ganzi.

Wifi, karavani usiifungue. Nakuomba.

Utaona ni ujinga. Lakini siku ile nilipoziba matundu, koti la Kibwana lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango, na mto wake upo kitandani, na mle ndani mlikuwa na harufu yake. Ile sabuni yake, zile nyaya zake za kazi ya umeme, kahawa yake. Nyumbani Mwembesongo harufu ile iliondoka kabla ya arobaini, kwa wingi wa watu na ubani. Ilibaki mle tu. Unajua mwenyewe tulivyoipenda karavani ile. Tangu alipoinunua kwa wale wataalamu wa kilimo waliorudi kwao, kila Desemba tuliifunga nyuma ya Land Rover tukaja nayo huku kwa mama, tukilala njiani popote tulipochoka.

Nikipata nguvu nitakuja niifungue mwenyewe. Nataka nivute pumzi moja tu. Usininyime hiyo.

Wako,
Wifi Christina


Bigwa
30 Julai 2023

Wifi yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama pamoja na mama. Sisi tunashukuru Mungu. Miembe imeanza kutoa maua mapema mwaka huu, na mlima umekauka hadi unaziona njia za watu wanaopanda.

Nimetii. Sijafungua. Ila nimekaa na jambo moyoni, na ukimya wangu sasa utakuwa ni kukudanganya.

Juzi Twalibu aliona maji yanachuruzika chini ya mlango, na mvua hatujaiona tangu Mei. Nikachukua tochi nikamulika dirishani. Wifi, dari ina madoa meusi kama imenyunyiziwa wino. Mapazia yameota manyoya. Koti la kaka ninaliona nyuma ya mlango, limekuwa jeupe mabegani kama la mtu aliyetoka mashine ya kusaga.

Unajua nilivyokuwa nikikaa nje ya mlango ule jioni? Hujui, sikukwambia. Nilikuwa nakaa pale na kahawa yangu kwa sababu nami nilikuwa na kaka, kaka yangu mmoja tu. Kwa hiyo sikwambii kama mtu wa pembeni. Nisamehe kwa neno hili: harufu iliyomo mle si yake tena. Pale ulipoziba ili yeye asitoke, unyevu nao haukutoka. Kilichomo sasa kinakula kila kitu alichokishika.

Ukisema niache, nitaacha. Lakini vuli ikitukuta hivi, mwakani hutakuwa na karavani, utakuwa na kichuguu.

Wifi yako,
Mwanaasha


Njombe
11 Septemba 2023

Wifi Mwanaasha,

Sisi wazima. Mama anauliza kama unazo mbegu za bamia.

Barua yako niliisoma nikaitupa chini ya kitanda. Nilikukasirikia kwa wiki nyingi. Nilisema, yeye ana mlima, ana nyumba walimozaliwa yeye na kaka yake, ana kaburi la kwenda kulizuru kila Ijumaa, mimi nina sanduku moja la magurudumu na hilo nalo ananiambia limeoza. Mama ndiye aliyeiokota alipokuwa akifagia. Akanisomea kwa sauti, pole pole, na macho yake yale yasiyoona vizuri. Alipofika penye kahawa ya jioni akaniuliza, "Huyu mtoto wa watu ana nani wa kulia naye?"

Fungua. Kinachopona, kipone. Kisichopona, usinieleze.

Na funika pua yako, una kifua kibovu.

Wifi yako,
Christina


Bigwa
8 Oktoba 2023

Wifi yangu mpendwa,

Amani iwe kwako na kwa mama. Mbegu za bamia nimezifunga kwenye karatasi, zimo humu humu kwenye bahasha. Apande mvua zikianza.

Tumefungua. Nilivaa barakoa, nikajifunga kanga kichwani, Twalibu akabandua makaratasi yako moja moja. Mlango ulipofunguka tulirudi nyuma wote wawili. Hatukuingia siku hiyo. Tulifungua madirisha yote na tundu la juu, tukaiacha ipumue.

Kesho yake tulitoa kila kitu nje, juani. Sikufagia, maana ukungu mkavu ukiufagia unaruka ukatafute pa kuota tena. Nilichukua siki nikaichanganya na maji, nikalowesha dari na kuta, nikaacha zinywe, ndipo nikasugua kwa brashi na kufuta kwa kitambaa kikavu. Halafu tena. Halafu tena. Mabega yangu hadi leo hayainuki vizuri. Jirani akachungulia uani, akaniuliza kama nafungua gesti.

Unyevu wote haukuwa wa kufunga tu. Hafidhi, fundi wa bodi za magari wa Mwembesongo aliyesoma na kaka, alipanda juu akakuta mpira wa lile tundu la juu umepasuka. Maji ya masika yalikuwa yakiingilia pale, yanatambaa ndani ya ukuta na kukaa chini ya kitanda. Ubao wa hapo ulikuwa laini kama mkate. Ameukata, ameweka mpya, ameziba kwa silikoni, kisha tukamwaga maji juu tukangoja. Hata tone.

Sasa nakwambia ninavyoitunza, ili usilale na wasiwasi. Tumeiinua juu ya matofali, mbele juu kidogo ili maji yasisimame. Lile turubai bovu la juu nimelitupa, lilikuwa linafungia jasho. Twalibu ameijengea kibanda cha mabati kisicho na kuta, upepo unapita. Makabati na droo naziacha wazi. Godoro nimelisimamisha kwa ubavu lisigusane na ukuta. Nimeweka makarai ya mkaa mkavu kwenye kona, yanavuta unyevu, na kila asubuhi isiyo na mvua nafungua madirisha, jioni nafunga.

Kuhusu vitu vilivyokuwemo, umesema nisikueleze, na sikuelezi. Lakini vilivyopona ni vingi kuliko ulivyodhani.

Wifi yako,
Mwanaasha


Njombe
14 Januari 2024

Wifi yangu,

Heri ya mwaka mpya. Bamia za mama zimeota, baridi imezidumaza lakini anazipigania. Ninyi mmeuanzaje mwaka? Twalibu hajambo?

Barua yako ya Oktoba nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Sina shukrani inayotosha. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nimelala bila kuota mlango ule.

Kuna jambo, na ningependa ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Hapa shuleni kuna mwalimu wa hesabu anaitwa Allen. Mkewe alifariki kabla ya Kibwana. Ni mtu mkimya. Mwanzo tulikuwa tunakaa pamoja wakati wa chai kwa sababu walimu wengine walikuwa hawajui waseme nini na sisi. Sasa ameniomba nimkubali, na nimemkubali. Ndoa itafungwa hapa kanisani tarehe 22 Juni.

Sijamsahau kaka yako. Allen anajua, hajaniambia nimsahau. Lakini wewe ndiye dada yake Kibwana, na tangu jana naandika na kuchana.

Niandikie, hata kama ni mstari mmoja.

Wifi yako,
Christina


Njombe
28 Aprili 2024

Mwanaasha,

Salamu kwako na kwa Twalibu. Tunasikia mvua huko ni kubwa, tunawaombea.

Januari, Februari, Machi, sasa Aprili inakwisha. Nimeelewa. Ukimya wako si kosa, ningekuwa wewe labda ningefanya hivyo hivyo. Sikuandikii kukulazimisha uniridhie. Naandika tu ujue kwamba karavani ni yenu, ni ya nyumbani kwa Kibwana. Ufanye utakavyo, au uiuze, au uiache. Sitaidai.

Nilitaka kumalizia kama siku zote, kalamu ikasita. Sijui nijiite nani kwako sasa.

Christina


Bigwa
26 Mei 2024

Wifi yangu Christina,

Mungu akujalie afya, wewe, mama, na wote wanaokuzunguka. Sisi tuko salama. Barabara ya juu ilikatika mahali pawili, Twalibu alikaa nyumbani akanichosha, sasa imetengenezwa na ameondoka, alhamdulillahi.

Nitakwambia ukweli maana wewe uliniambia wako. Nilikasirika. Nilisema, kumbe ndiyo maana alikubali nifungue, alikuwa keshapata mwingine. Nilikaa na maneno hayo wakati mabega yangu bado yanauma kwa kusugua. Kila nikishika kalamu, maneno yaliyokuja yalikuwa mabaya, nikaona bora ninyamaze kuliko nikuandikie kitu utakachokisoma hadi kichanike.

Mwezi uliopita upepo ulitung'olea bati moja la kile kibanda. Mvua inapiga, nikatoka mbio na kanga yangu, nikapanda juu ya ndoo nalishikilia bati. Twalibu akaja, akanishika mkono.

"Shuka, Mwanaasha. Utaanguka. Unamlindia nani?"

"Namlindia kaka!"

"Kaka yako alinunua kitu chenye magurudumu," akasema. "Angetaka kitu cha kukaa uani angenunua banda la kuku."

Nilimtukana pale pale, Mungu anisamehe. Lakini nilishuka. Tuliingia ndani ya karavani kujikinga, tukaketi kitandani tumelowa. Mvua inanguruma juu, ndani pakavu. Nikaanza kulia, na nikamkumbuka kaka siku zake za mwisho. Mimi nilikuwa nakuja asubuhi na uji na kuondoka adhuhuri. Wewe ndiye uliyekuwa unamgeuza kitandani, unamwosha, unamcheka akikataa dawa. Hakuna hata siku moja niliyokukuta umenuna. Mtu aliyemfanyia kaka yangu hayo, mimi nimwekee kinyongo kwa sababu amepata wa kunywa naye chai?

Masika yamekwisha. Juzi nimekagua kila kona kwa tochi na kwa mkono, hadi chini ya kitanda. Hakuna doa. Ukiingia unasikia harufu ya mbao mpya na ya kitambaa kilichoanikwa. Nilidhani nitahuzunika kukwambia hivyo. Sikuhuzunika.

Kwa hiyo sikiliza. Kuiuza siuzi, kuiacha siiachi. Twalibu ameifunga nyuma ya pikapu, wameizungusha na Hafidhi hadi Mikese na kurudi, taa zinawaka, breki zinashika. Tutaondoka tarehe 19 Juni. Tutalala Mikumi, halafu Iringa. Mlima Kitonga tutaupanda taratibu, anayetaka kupita apite. Mimi sijawahi kufika Iringa maishani mwangu, na nimeshanunua soksi za baridi yenu.

Mwambie Allen asihangaike kututafutia mahali pa kulala, tunakuja na chumba chetu. Mama aniandalie tu nafasi uani, pakavu, penye mwinuko kidogo.

Kanisani nitakaa mbele, na ushungi wangu, upande wako. Ndugu wa bwana harusi wakiuliza huyu ni nani, waambie ni wifi wa bibi harusi. Wakishangaa, washangae.

Wifi yako,
Mwanaasha