Kuku wa Mtani

Nangurukuru, Kilwa
8 Novemba 2024

Kwako mtani wangu Natalia,

Salamu nyingi zikufikie hapo Berlin pamoja na baridi yake. Natumaini u mzima, goti lako limepata nafuu, na yule bibi wa chumba namba nne bado anakuita wewe kwa jina langu. Mimi mwili ni mzima. Kaka Gregori na mkewe Genoveva hawajambo, watoto wanaenda shule, mvua tunaingoja.

Hizo ndizo salamu za watu wazima. Ningependa kuanza kwa matusi kama ilivyo desturi yetu, lakini tangu niondoke huko umekuwa mtu wa adabu. Meseji zako zote zinasema dada Marietha, pole sana, Mungu akutie nguvu. Mngoni kumwita Mmatumbi dada! Miaka minne tumewaogesha na kuwalisha wazee wa watu pamoja, na hukuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Nilikuwa mtumwa wako uliyemrithi kwa babu zako, na wewe ulikuwa mtumwa wangu, wala hatukumaliza kubishana nani alimteka nani. Nikizisoma hizo meseji nalia.

Nikupe habari za huku. Nilifika Jumapili, tarehe sita Oktoba, saa tano asubuhi. Mama alikuwa amezikwa jana yake saa nane. Nilishuka pale njia panda, mahali alipouza wali na samaki maisha yake yote, nikakuta benchi lake limegeuzwa miguu juu. Genoveva akanipokea mkoba, tukaenda moja kwa moja makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Kaka aliniambia walisogeza maziko kutoka Ijumaa hadi Jumamosi, kisha kutoka asubuhi hadi mchana, na zaidi ya hapo mwili haukuweza kungoja. Natalia, nilitaka kumwona uso tu. Basi.

Watani walifanya kazi yao. Mzee Alfonsi, fundi baiskeli, Mngoni pekee mtaani kwetu, aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki mpaka Wamatumbi wamlipe kuku. Wanasema watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Kuku alipoletwa, mzee akatoka lakini akakataa kumchukua. Alisema mwenye kuku huyo yuko Ulaya. Alijua kwamba kila Jumapili ulikuwa ukimpigia mama simu na kumwita kijakazi mzee, naye akikuuliza mbuzi walioibwa na babu zako utawarudisha lini. Basi kuku yupo, mwenye madoadoa, amefungwa nyuma ya jiko, na anapiga kelele kama wewe.

Baada ya hapo kaka akaniuliza kwa nini nilichelewa. Yeye alikupigia wewe Alhamisi alfajiri, kwa sababu kwetu mfiwa hapigiwi simu akiwa peke yake. Anatafutwa mtu wa karibu amwambie akiwa amemshika mkono, na kwangu huko hakuna wa karibu kuliko mtani. Nikamjibu mbele ya waombolezaji kwamba ulisema kama mtu anayetania, na mimi nikadhani ni utani. Alichukua simu, akafungulia spika, akakuambia maneno ambayo niliyasikia nikiwa chumba cha pili. Alisema mtu hachezi na msiba. Wewe ulisema nisameheni, mara tatu. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na sikuinuka.

Sasa nikurudishe kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi ile ile, tarehe tatu Oktoba, sikukuu ya Wajerumani ya kuungana nchi yao, siku pekee tangu Julai ambayo sote wawili hatukuwa na zamu. Tulikuwa tumepanga miezi mingi kwenda kumwona yule dinosaria, mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake babu zetu wa huku kusini waliibeba vichwani mpaka bandari ya Lindi. Ulifika kituoni umechelewa, macho mekundu, ukasema ni mafua. Ndani ya jumba la makumbusho nilisimama chini ya shingo lile nikasoma kwa sauti jina la Lindi kwenye kibao, nikakungoja unitukane. Ulikawia. Mwishoni ukasema huyo naye ni Mmatumbi, alisikia Wangoni wanakuja akakimbia asisimame mpaka Ulaya. Nilicheka mpaka mlinzi akatutazama.

Ndipo ukanishika mkono, ukaniambia. Nami nikacheka zaidi, nikasema kama ni kweli basi Wangoni wanoe majembe wakachimbe kaburi, na kuku hawapati. Nikakuvuta tukapige picha. Tulizunguka mji mzima, tukaona lango lao kubwa, tukasimama kwenye foleni ya soseji. Katika kila picha mimi nacheka na wewe unanitazama mimi. Ulipojaribu tena tukila, nikakuwekea kipande cha keki mdomoni nikasema utani wa leo umetosha. Kesho yake ukaja chumbani kwangu na Gregori akiwa hewani, na hapo ndipo nilipoanguka.

Umeniandikia kwamba kosa ni lako, kwamba ulichagua mahali pabaya, kwamba mdomo uliozoea kutania haukufaa kubeba neno lile. Natalia, mdomo wako haukukosea kitu.

Ungekuwa unatania ungesema mama yako kafa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiambiana kila wiki: baba yako kafa, shangazi yako kafa, njoo nikuzike na wewe. Siku ile ulisema, "Marietha, mama ametutoka." Uliniita jina langu la ubatizo. Ukasema ametutoka, ukajiweka na wewe ndani ya msiba. Hakuna mtani duniani anayetania kwa neno hilo. Nilijua kabla hujafumba mdomo.

Nilicheka kwa sababu nilitaka mama awe hai mpaka jioni. Nilijiambia nikicheka bado yuko njia panda anageuza samaki, na sikukuu yetu ipo. Tena kuna baya zaidi. Nilipokuomba unishikie koti nikaenda chooni, sikwenda haja. Niliangalia ndege kwenye simu. Ilikuwepo ya jioni ile ile, na nafasi ilikuwepo. Ningefika hapa Jumamosi asubuhi. Niliitazama, nikafunga simu, nikanawa uso, nikarudi kwako nikicheka. Siku niliyojiibia ndiyo ile ya kumwona mama uso.

Haya nilimwambia kaka jana baada ya chakula cha mchana. Alitoka nje akamtilia kuku maji, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliomba namba yako mpya, maana anayo ile ya zamani tu. Atakupigia mwenyewe kukuomba radhi, na ukitaka usipokee. Mimi sina haki ya kukuomba upokee, ila nakuomba.

Arobaini ni Jumanne ijayo, na najua barua hii itakukuta imeshapita. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nilifuta mara nyingi mno. Kuku hatachinjwa. Genoveva ameshaambiwa, na watoto wameshaambiwa. Ni wako, atakungoja hata akizeeka akawa hatafuniki.

Msalimie bibi wa chumba namba nne, umvalishe soksi zake za manyoya usiku ukiwa baridi. Kaburini kwa mama nimekusalimia kwa lile jina lako baya la utani, maana jingine asingelijua. Ukijibu barua hii, nakusihi usiniite dada. Nitukane, Natalia. Nitukane hata mstari mmoja.

Ule ubishi wetu nao nimeumaliza. Mliotuteka ni ninyi.

Ni mimi mtumwa wako,
Marietha