Kishimo Chini ya Meza ya Minza

Jumamosi. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya unga. Moyo haujatulia.

Leo nimerudi nyumbani na nusu ya chapati zangu. Siku ya mkusanyiko chuoni, na mimi narudi na chapati. Naandika huku nakunywa chai yangu mwenyewe iliyokosa wanywaji, na kila nikimeza nawaza jambo lile lile.

Klabu ya utamaduni ya chuo inatafuta nauli ya kwenda kwenye tamasha la ngoma Mwanza. Wakaamua kuoka na kuuza keki. Hapo hakuna la kushuku, ila mimi ninayeuza chapati pale getini, mwanafunzi akianza kuoka namtazama kwa pembe ya jicho. Chuo sikusoma. Nimekaa mlangoni pake miaka mingi nikiwasoma wanaoingia, na wengi wao hawana kurasa nyingi.

Klabu hiyo ina ngoma moja na vichwa viwili. Cha kwanza ni Masanja, kijana wa heshima, anakunywa chai kwangu kila asubuhi. Yeye ndiye anayetangulia mbele na jembe wakicheza ngoma yao ya majembe. Cha pili ni Minza, wa mwaka wa pili, mpole kupita kiasi. Minza amesema amechoka kucheza nyuma akitazama mgongo wa Masanja, safari hii aongoze yeye. Hawakuelewana. Mwishowe wakakubaliana waamue kama wazee wetu walivyokuwa wakiamua.

Kwetu Usukumani ngoma mbili zinaposhindana huchezwa uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na hakuna jaji. Watu ndio jaji. Umati ukikuhama ukaenda kwa mwenzio, umeshindwa, kusanya vyombo vyako. Basi zikawekwa meza mbili za keki, ya Masanja na ya Minza, zikitazamana. Atakayevuta watu ataongoza Mwanza. Mwingine atabeba ngoma.

Mimi nilikuwa wa Masanja. Sifichi. Mteja ni mteja.

Asubuhi nawasha jiko, tulikuwa watatu tu pale: mimi, mlinzi wa geti mzee Lugwisha aliyekuwa akisinzia, na Minza.

"Shikamoo, mayu," akaniamkia kwa "mama" yetu ya Kisukuma, sauti imepakwa asali.

"Marahaba, mwanangu."

Akapita. Mara akarudi, akaniamkia tena.

Mtu anayekuamkia mara mbili ana jambo. Nikamfuata kwa macho. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akapiga magoti chini ya meza yake. Akachimba kishimo kwa kijiko, akafukia kitu kilichofungwa kwenye karatasi, akasawazisha udongo kwa kandambili. Kisha akageuka kunitazama. Mimi nikawa nasukuma chapati kama niliyezaliwa nazo.

Sasa, kila mtu wa huku anajua kwamba mamanju wa zamani, wale viongozi wa ngoma, walikuwa wakifukia dawa uwanjani ili umati usihame. Mimi ni mtu wa kanisa, mambo hayo siyaamini. Lakini kutoamini hakumzuii mtu kuona.

Nikamwamsha Lugwisha, nikamweleza.

"Ila libaki hapa hapa, baba."

"Mayu, mimi ni kaburi."

Kaburi lenye milango minne. Jua halijapanda vizuri, hata wapishi wa bwenini walishajua kwamba Minza amefukia dawa.

Nikiri: nilijua hilo litatokea. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Watu wataiogopa meza ya Minza, watakwenda kwa Masanja, Masanja ataongoza, atakuja Jumatatu kunywa chai kwa furaha. Na kwa kweli keki za Masanja zilikuwa na krimu nyeupe na ua juu yake. Za Minza zilikuwa za kahawia, hazina hata ua, za unga wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo bibi zetu waliviweka kwa ajili ya njaa. Nani aje chuoni kula njaa ya bibi yake?

Nilisahau kitu ambacho mtoto yeyote wa Kisukuma anakijua.

Watu hawaikimbii ngoma yenye dawa. Wanaikimbilia.

Foleni ya Minza ilianzia mezani ikafika kwenye bomba la maji. Nilikuwa nawasikia.

"Na wewe unakula ya dawa?"

"Nataka nione inavutaje."

"Ikikuvuta usije kunililia chumbani."

"Dada Minza, niwekee na ya mchumba wangu. Naona ameanza kunihama."

Upande wa pili krimu ya Masanja ilikuwa inayeyuka, ua limekuwa dimbwi. Nilimhurumia. Baadaye nikamtazama tena, sikumwona mezani kwake. Alikuwa kwenye foleni ya Minza.

Mchana ulipogeuka na mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo. Kwa uchunguzi tu. Keki ilikuwa tamu, nalisema hapa kwa sababu hapa hakuna anayeiona sura yangu.

Minza alinikabidhi kwa mikono miwili. "Mayu, mbona chapati zako zimelala leo?"

"Zimepumzika."

"Na zipumzike," akasema. "Zimefanya kazi kubwa."

Sikumwelewa. Nikadhani ni kejeli za mshindi, maana wakati huo Masanja alikuwa ameshaokota ngoma, anaupima uzito wake begani.

Walipotawanyika wote, nikasema siondoki hivi hivi. Nikachukua kijiko, nikaenda kuchimba mahali pale. Kikatoka kifurushi. Karatasi niliitambua kabla sijaifungua: gazeti lenye picha ya trekta ambalo nimewafungia wateja chapati wiki hii yote. Ndani yake kipande cha chapati.

Chapati yangu.

Nimekaa hapa nalipima jambo hili. Upande mmoja, msichana alijua nitaona, akahakikisha naona kwa kuniamkia mara mbili. Alijua nitasema, na alijua nitachimba. Basi dawa ilikuwa mdomo wangu, nami nilimpa bure kabisa.

Upande wa pili ndio unaonikosesha raha. Kilichofukiwa ni chapati yangu, na zilizokosa wanunuzi ni chapati zangu. Ni utani au si utani? Kipande nimekileta nyumbani, kiko juu ya kabati. Siwezi kukitupa, wala siwezi kukila.

Nimewaza sana, na nimefikia uamuzi. Jumatatu, kabla sijawasha jiko, nitapiga magoti nichimbe kishimo chini ya meza yangu. Sijui bado nitafukia nini, wala haijalishi sana.

La muhimu ni kumwamkia Lugwisha mara mbili kwanza, ili awe macho.